MGENI WETU WA TENGERU

Wazee wetu walipotamka neno "ng'ambo" walinyosha mkono kuelekea baharini. Kijana aliyekwenda kusoma ng'ambo alikwenda Ulaya au Marekani, na siku ya kuondoka kwake ukoo mzima ulikusanyika, kuku akachinjwa, padre au mchungaji akaomba, na mama akamfungia mwanawe katika kanga kitu ambacho hakuna duka la huko lingeweza kumwuzia. Tulizoea kuwa watu wa kuaga. Kupokea hatukukuzoea.

Sasa yatupasa tujifunze. Pale Nambala, karibu na Tengeru, chini ya Mlima Meru, iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Chuo hicho kiliundwa kwa ajili ya masomo ya juu, yaani shahada za uzamili na uzamivu, nacho ni ndugu wa chuo kilichoko Abuja, Nigeria, vyote viwili vikiwa vimetokana na wazo lililobebwa na Mzee Mandela mwenyewe kwamba Afrika iwafundishe wanasayansi wake nyumbani. Wamo humo vijana wetu wa Tanzania. Wamo pia watu wa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Ethiopia, Malawi na Nigeria. Kwa watu hao ng'ambo ni hapa. Tengeru ndiyo Ulaya yao.

Mwezi Julai tulikwenda kukaa nao siku mbili. Hatukwenda kuandika juu ya majengo wala hotuba, maana hayo yameandikwa vya kutosha. Tulitaka kujua jambo dogo: mtu mzima mwenye shahada yake, pengine mwenye mke na watoto, akiacha kwao na kuja kukaa katikati yetu miaka mitatu au minne, siku yake hupitaje? Na sisi tulio wenyeji, wenye nyumba, wauza ndizi, madereva wa vifodi na makarani wa ofisi, twaingia wapi katika siku hiyo?

Kabla ya kujibu tukumbushane kidogo tulikotoka. Mwaka 1949 mwalimu mmoja wa Tabora aliitwa Julius Nyerere alikwenda Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A. Katika mwaka huo huo wa 1952 Kirilo Japhet wa Meru alifika New York mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, kupeleka kilio cha Wameru wapatao 3,000 ambao serikali ya kikoloni iliwafukuza Engare Nanyuki mwaka 1951 na kuzichoma nyumba zao. Kirilo hakwenda kutafuta shahada, lakini tumemtaja kwa sababu moja: nauli yake ilichangwa na Wameru wenyewe, watu ambao wengi wao hawakuwa wamefika hata Mombasa. Watu wa mlima huu wajua tangu zamani gharama ya kumweka mtu mmoja katika nchi ya mbali.

Na Chama chetu kina jambo lake la kukumbuka. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, elimu ya Chuo Kikuu ilipoanza Dar es Salaam, darasa la kwanza la sheria halikuwa na mahali pa kukaa. TANU ikatoa jengo lake, lile la mtaa ambao leo twauita Lumumba. Baadaye chuo hicho kikahamia mlimani, na miaka ya 1967 hadi 1970 alisoma huko kijana wa Uganda, Yoweri Museveni, ambaye leo ni Rais wa nchi yake. Basi mwanafunzi mgeni si kitu kipya kwetu. Hata Tengeru yenyewe ilipata wageni mapema: kuanzia mwaka 1942 Wapolandi wapatao 5,000, waliokimbia vita, wengi wao wanawake na watoto, waliishi hapo katika vijumba vya mviringo, wakajenga shule, na waliokufa wakazikwa hapo hapo. Makaburi yao yatunzwa mpaka leo.

Sasa turudi Julai. Asubuhi ya Tengeru mwezi huo si asubuhi ya kitabu cha watalii. Mlima hauonekani. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, barabara ya njia nne itokayo Sakina imelowa, na watu wanakwenda kazini wamejikunyata kama kuku wa mvua. Mwenyeji wetu wa siku mbili hizo alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kutoka Malawi. Alikuwa amevaa sweta mbili na koti juu yake. Kabla ya kuja alikuwa akiulizwa na ndugu zake kama hataungua na jua la Tanzania.

Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya mama mmoja Mmeru, mjane, umbali wa kutembea kutoka barabara kuu. Watoto wa mtaa walimwita "Profesa", jambo lililomwaibisha, kwa kuwa tasnifu yake ilikuwa bado vipande vipande. Chumbani mlikuwa na kitanda, meza, jiko la gesi la mtungi mdogo, na chupa za plastiki ishirini na zaidi, zimeandikwa tarehe na jina la mahali: Maji ya Chai, Ngurdoto, Kikatiti. Zilikuwa tupu, zikingoja kwenda kisimani. Siku yake hukatika vipande viwili. Kimoja ni cha maabara, na kwa kuwa mashine moja huhitajiwa na wengi, zamu yake yaweza kuangukia usiku wa manane; umeme ukikatika kazi ya saa sita hurudi mwanzo. Kipande cha pili ni cha vijijini, na hicho ndicho kilichomtoa jasho zaidi.

Maana kazi yake ni maji. Msomaji wa Arusha hahitaji kuelezwa, ila wa Mtwara au Kigoma avumilie kidogo. Miamba ya volkano ya Meru hutia madini ya floridi katika chemchemi na mito yetu mingi. Shirika la Afya Duniani lasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja. Chini ya mlima huu yako maji yenye kuzidi kiasi hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa tangu utotoni meno yake hupata rangi ya kahawia, na yakizidi sana hata mifupa huharibika na miguu kupinda. Mtu wa Meru akicheka huko Dar es Salaam watu husema, "Huyu ni wa Arusha." Tumelichukua kuwa mzaha, nalo ni ugonjwa.

Pale Ngurdoto kiko kituo cha utafiti ambapo kwa miaka mingi mifupa ya ng'ombe huchomwa na kugeuzwa mkaa wa kuchuja floridi. Na katika Taasisi yenyewe yuko Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, ambaye alikwenda Korea Kusini kusomea uzamivu. Alirudi, akatengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kikampa tuzo yake ya kwanza ya Afrika, pauni 25,000. Huyo naye aliwahi kuwa mgeni katika nchi ambayo hakuijua lugha yake wala chakula chake. Mtu aliyempangisha chumba huko, au aliyemwelekeza basi la kupanda, hajui hata leo kwamba alisaidia maji ya Karatu.

Lakini tusikimbilie ushindi. Mmalawi wetu alitusimulia siku yake ya kwanza kisimani. Alifika na chupa zake, akapiga magoti, akachota. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakamtazama. Mmoja wao, mtu mzima, akamwuliza jambo kwa Kiswahili, kisha akauliza tena kwa sauti ya juu. Yeye akatabasamu, akasema "Asante," neno pekee alilokuwa nalo. Wanawake wakacheka, ila si kwa furaha. Baadaye kijana wa bodaboda alimfasiria. Yule mama alikuwa ameuliza: "Tangu nikiwa msichana mnakuja kupima maji haya. Mmepima mara ngapi? Dawa iko wapi?"

Twakiri kwamba swali hilo lilitunyamazisha hata sisi. Si swali la kipumbavu, na si la kumjibu mama yule kwa vipeperushi. Meno ya wanawe ndiyo yanayopimwa, na majibu huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo hayafiki Maji ya Chai. Mwanafunzi mgeni asiyejua lugha hubeba lawama za watafiti wote waliomtangulia, naye hata kinywa cha kujitetea hana.

Usiku ule ule, alituambia, alinunua daftari. Lugha yake ya Kichewa ni ndugu ya Kiswahili, na udugu huo humsaidia na kumdanganya kwa zamu. Nyumba kwao ni nyumba, nyama ni nyama, ng'ombe ni ng'ombe. Maji ni madzi. Ugali wanauita nsima, nao hupikwa hivyo hivyo. Lakini samaki ni nsomba, na hapo alipotea sokoni. Samaki ndiye aliyemkosa kuliko vyote, hasa chambo wa ziwa lao, ziwa ambalo sisi twaliita Nyasa nao waliita Malawi, na tusigombane juu ya jina lake katika makala haya. Siku za Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, alikwenda na daftari, akiuliza jina la kila kitu. Akina mama wa ndizi walimzoea. Wakamfundisha kwamba ndizi si kitu kimoja: iko mshare ya kupika, iko ya kuiva, iko ya pombe. Wakamfundisha pia "Shikamoo", na siku ya kwanza akamwamkia mtoto wa miaka sita, soko likaanguka kwa kicheko.

Hayo ni matamu. Tuseme na machungu.

Wengi wa wanafunzi hawa hutegemea posho ya ufadhili, na posho haina miguu ya haraka. Ikichelewa miezi miwili, mgeni hana shangazi wa kukimbilia. Mwenye nyumba wetu wa mjini naye, kwa desturi, hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hilo Mtanzania mwenzake hulilalamikia vile vile. Lakini bei ile ile ikipanda mara tu mpangaji anapofungua kinywa na kusikika si wa hapa, jina lake ni jingine. Mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Burundi, asomaye mambo ya kompyuta, alitueleza kwamba alimtuma rafiki Mtanzania aulizie chumba, akapewa bei. Alipokwenda mwenyewe jioni, chumba kile kile kilikuwa kimepanda karibu nusu. "Nilijua Kiswahili," alisema, "lakini Kiswahili changu kina Bujumbura ndani yake." Aliyefanya hivyo pengine ana kadi ya Chama mfukoni, na huimba nyimbo za umoja wa Afrika kila Saba Saba. Ajiulize kama chumba chake kinaimba nyimbo hizo pia.

Tuwe waadilifu: wageni nao wana ya kwao. Wako waliokaa miaka miwili wasijue jina la jirani, wamejifungia na Kiingereza chao kama na ufunguo. Wako wanaolalamikia chakula cha hapa mbele ya aliyekipika. Tulimsikia mmoja akisema watu wa hapa ni wazito wa kufanya kazi, naye alisema hayo saa nne asubuhi akiwa bado anakunywa chai. Mgeni mwenye kiburi hujipunguzia wenyeji, na hakuna katibu wa tawi atakayemsaidia.

Lakini liko jambo moja ambalo halina pande mbili. Mwezi Machi baba yake Mmalawi alifariki dunia. Habari ilifika kwa simu alfajiri. Kutoka Arusha hadi mpaka wa Kasumulu, kwa basi kupitia Dodoma, Iringa na Mbeya, kisha kuingia Malawi, ni safari ya siku mbili au zaidi, nayo yawezekana. Kilichoshindikana ni karatasi. Pasipoti yake ilikuwa katika ofisi moja, imeingizwa pamoja na maombi ya kuhuisha kibali chake cha kukaa nchini, na alikuwa ameahidiwa "njoo wiki ijayo" kwa wiki kadhaa. Akaenda asubuhi ile, macho yamevimba, akaeleza. Karani, hakuwa mtu mbaya, akamwambia faili liko kwa mkubwa na mkubwa yuko safarini. Akaambiwa arudi kesho. Kesho baba yake akazikwa.

Twajua kanuni zina sababu zake, na nchi isiyojua ni nani aliye ndani yake si nchi. Wala hatumtaji mtu, maana kosa hilo si la karani mmoja. Ni la meza isiyojua kwamba juu ya karatasi kuna mtu. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, walitangaza mwaka 2017 kwamba nchi wanachama ni eneo moja la elimu ya juu. Malawi haimo katika Jumuiya hiyo, lakini aliyezikiwa baba bila kuwapo hapimwi kwa mkataba. Sisi tulioandika haya tumekulia katika shule ya misheni, na tulikaririshwa pale jinsi Maandiko yanavyomhesabu mgeni pamoja na mwenye njaa na mfungwa. Hatukuambiwa tumwulize kwanza ni wa nchi mwanachama au la.

Alirudi chumbani, akafunga mlango. Mama mwenye nyumba aliona mlango umefungwa saa za mchana, jambo lisilo la kawaida, akabisha. Hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao. Alisema, "Baba," kisha akaonyesha chini, ardhini. Mama akaelewa. Akatoka, akatandika mkeka barazani, akawasha moto wa chai. Jirani aliyepita akauliza kuna nini. Akaambiwa kuna msiba. Msiba wa nani? Wa Profesa. Kabla ya jua kutua walikuwapo watu kama thelathini, wamekaa kama wakaavyo kwa mfiwa yeyote wa mtaa, na balozi wa shina akafika na daftari lake la michango. Wanafunzi wenzake walipokuja usiku walikuta wenyeji wamekwisha tangulia. Fedha iliyopatikana ilitumwa Malawi kwa simu, ikanunua sehemu ya unga wa matanga. "Mama yangu," alituambia, "aliniuliza kama nimeoa huko, maana hakuamini kwamba watu wasio ukweni wangefanya hivyo."

Kati ya meza ile na mkeka ule hapakuwa na hata saa moja ya mwendo. Wote wawili ni sisi.

Basi tuna maombi, nayo si makubwa. Matawi yetu ya Tengeru, Usa River na Nambala yana majengo yanayokaa matupu jioni. Darasa la Kiswahili mara mbili kwa wiki kwa wageni wa chuo halihitaji bajeti ya Serikali, lahitaji mwalimu mstaafu na chaki. Wenye nyumba waandikishe kodi kwa stakabadhi, mbele ya balozi, bei moja kwa mwenyeji na mgeni. Ofisi za vibali ziwe na mtu mmoja, na jina lake libandikwe ukutani, mwenye uwezo wa kumrudishia mfiwa pasipoti yake siku hiyo hiyo. Na watafiti, wetu na wageni, wasiondoke kijijini na maji ya watu bila kurudi na majibu katika lugha ya watu. Hili la mwisho twalisisitiza zaidi ya yote, kwa ajili ya yule mama wa kisimani.

Jioni ya siku yetu ya pili tulimkuta Mmalawi barazani amesimama, karatasi mkononi, mbele ya binti wa mama mwenye nyumba, msichana wa kidato cha pili, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimsikiliza kwa ukali wa mkaguzi wa shule. Wiki iliyofuata alikuwa ameomba nafasi katika mkutano wa kijiji awasomee watu matokeo ya kisima chao, kisima gani ni salama na kipi watoto wasikinywe. Alikuwa ameyaandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Akakohoa, akaanza: "Ndugu wananchi, madzi yenu..."

"Maji," akasema binti.

Akaanza tena.